Ayeyo Alikuja kwa Miguu

Mama yangu, Maka, alikuwa mtu wa maneno machache, na kisa hiki alikisimulia mara chache mno, kila mara mchana, mlango ukiwa wazi na jua likiwa utosini. Mimi sikuwa nimezaliwa. Ninayoyasema niliyatoa kinywani mwake, na mengine kwa abti yangu Hared, ndugu yake wa tumbo moja, alipokuwa mzee anayependa kukaa peke yake. Sikuongeza kitu. Kama kuna nilichofanya, nimepunguza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Garissa ilikuwa maduka machache ya mabati, boma la serikali, na kivuko cha mto Tana. Hared alikuwa dereva wa mzungu wa barabara. Nyumba yake na ya mama yangu zilitenganishwa na ua wa miiba tu. Ukitia samli chunguni huku, wa kule wanajua.

Mkewe, Qali, alikuwa mtu wa Elwak, kule juu mpakani. Hared alimwona alipopelekwa huko kutengeneza barabara, akamposa, akamleta kwetu. Siku ya kuondoka, mama yake Qali, bibi mrefu aitwaye Ebla, alishika ubavu wa lori akatembea nalo, akichechemea, mpaka liliposhika mwendo likamwacha. Hakulia. Alisema jambo moja: "Ukizaa, niletee nimwone."

Qali akazaa. Mtoto wa kike, wakamwita Saynab. Hared akaomba likizo ampeleke kwa bibi yake. Akaambiwa barabara imekatika na mvua, ngoja. Msimu mwingine akaambiwa kuna mkubwa anakuja kutoka Nairobi, ngoja. Mtoto akatambaa, akasimama, akaanza kuuliza kwa nini ngamia hacheki. Huku salamu zikishuka kutoka Elwak kwa vinywa vya wachungaji na wenye malori: Ebla anauliza, mtoto anakuja lini? Kisha zikabadilika kidogo: Ebla anasema macho yanafifia, mtoto anakuja lini?

Basi siku moja, asubuhi kama asubuhi zote, mama akiwa anapepeta mtama uani, Hared alirudi kutoka kazini kabla ya wakati. Alikuwa anacheka peke yake. Akasimama katikati ya uwanja, akajitia sauti ya bwana wake: "Hared, wewe kwenda likizo. Mwezi moja. Sasa hivi, kabla mimi badilisha roho."

Qali alitupa kifagio. Mama alisema hajamwona mtu mzima akiruka vile.

Mambo yakajipanga yenyewe. Abdille, mwenye duka, alikuwa na lori lililobeba sukari na nguo za kupeleka Elwak, na dereva wake alikuwa mgonjwa. Akamwambia Hared, chukua gari, shusha mzigo wangu kwa ndugu zangu, nirudishie ngozi, na mkeo akae mbele kama malkia. Qali alishona gauni la mtoto. Alikaanga nyama ya safari, akaijaza kwenye samli. Kila aliyepita njiani aliambiwa: "Tunakwenda kwa hooyo, kwa mama yangu. Tunampelekea mtoto."

Siku mbili kabla ya kuondoka, Saynab akashikwa na surua.

Macho mekundu, mwili moto kama jiwe la jikoni. Mganga wa zahanati alisema mtoto huyu akipigwa na vumbi la njia hatafika Wajir. Qali akasema basi, hatuendi. Likizo haikuweza kusogezwa, hilo Hared alilijua. Ikipita hii, nani ajue nyingine itakuja lini, na yule bibi macho yanafifia.

Mama yangu ndiye aliyesema, "Niachieni mimi. Ninyi nendeni mkamlete bibi hapa. Likizo ni mwezi mzima. Mkirudi naye, atamkuta mtoto amepona."

Lilikuwa wazo zuri. Kila mtu aliliona hivyo. Qali alimbusu mtoto kwenye nyayo, kwa sababu uso ulikuwa na vipele, akapanda lori. Ilikuwa Jumamosi.

Safari ilianza vizuri. Hared alisimulia kwamba kwa mara ya kwanza tangu wawe mke na mume walikuwa na siku nzima ya kuzungumza bila mtu kumwita mmoja wao. Qali alimwonyesha miti. Alimwimbia nyimbo za kunywesha ngamia. Walipita Modogashe, wakapita Habaswein, nchi ikapanuka, miti ikapungua, na hapo Hared akamwona mkewe akianza kukaa wima kitini kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mbali.

Jumapili wakafika Wajir. Wakaenda kunywa chai kwa mwanamke mmoja, Shukri, aliyeuza karibu na visima. Walipomwambia wanatoka Garissa, Shukri aliweka birika chini.

"Garissa? Wewe si Qali?"

"Ndiye mimi."

"Basi mama yako amepita hapa leo asubuhi. Bibi mrefu, anachechemea mguu wa kushoto. Aliniuliza, hii ndiyo njia ya kwenda kwa Qali? Nikamwambia njia ya Garissa ndiyo hii. Akashukuru. Anakwenda kumwona mjukuu, alisema."

Qali alishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akacheka, machozi yakimtoka. "Hakuweza kungoja! Hared, hooyo hakuweza kungoja!"

"Alikuwa na nani?" Hared akauliza.

"Peke yake."

"Gari gani?"

Shukri akamtazama. "Kwa miguu."

Qali akataka wageuze lori papo hapo. Hared akamshika mkono. Akamwambia taratibu, fikiri, sisi tumetoka njia hiyo hiyo. Bibi angekuwa ameshika barabara ya Garissa, tungepishana naye. Na kutoka Elwak mpaka hapa, mtu mwenye mguu mbovu, peke yake, kwenye jua hili? Vikongwe wanaochechemea wako wengi. Labda huyu anaye Qali wake mwingine. Mzigo wa watu uko nyuma, Elwak iko mbele, twende kwa mama yako, tumsimulie tucheke pamoja.

Maneno yalikuwa na akili. Qali akakubali. Wakaendelea kaskazini.

Kesho yake adhuhuri, walikuwa kwenye uwanda ulio wazi kabisa, hakuna hata kichaka cha kumficha sungura. Upepo ulikuwa umepiga tangu alfajiri, ukasawazisha barabara ikawa kama shuka. Hakuna alama ya tairi. Hakuna alama ya kwato.

Hared akaona alama za nyayo.

Zilikuwa katikati ya njia, zikija upande wao. Nyayo za mtu asiyevaa viatu. Mguu wa kulia umekanyaga sawasawa. Wa kushoto umeburuta.

Alisimamisha lori. Qali akashuka. Akachuchumaa, akaweka kiganja chake ndani ya unyayo mmoja, akakiacha pale.

"Huu ni mguu wa hooyo," akasema. "Uliteguka kisimani nikiwa mdogo. Naujua."

Hared alitembea akifuata zile nyayo, mbele kidogo, kisha mbele zaidi. Alitafuta mahali bibi alipokaa kupumzika. Hapakuwapo. Alitafuta mahali aliposimama hata kugeuza shingo. Hapakuwapo. Hatua zilikuwa sawa, zote, tangu macho yalipoanza kuziona mpaka yalipoishia. Na upepo ulikuwa bado unavuma. Ulifuta nyayo za Hared mwenyewe nyuma yake alipokuwa akitembea.

Zile nyingine haukuzigusa.

Wakarudi kwenye lori, wakaenda moja kwa moja mpaka Elwak.

Walipofika, watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya Ebla, na hakuna aliyekuja mbio kuwapokea. Dagane, kaka yake Qali, alisimama pole pole. Akawatazama kwa mshangao.

"Nani amewapa habari?"

"Habari gani?" Qali akauliza.

Dagane akamtazama Hared, kama mwanamume anayemwomba mwenzake amsaidie mzigo.

"Hooyo ametutoka, Qali. Ijumaa. Tulimzika jioni ile ile. Tumetafuta gari la kuwaletea habari, hatukupata."

Ijumaa. Wao walikuwa wametoka Garissa Jumamosi. Shukri alimwona Wajir siku iliyofuata.

Qali hakupiga kelele. Aliomba aonyeshwe kaburi. Lilikuwa nyuma ya visima, peke yake, mawe yamepangwa vizuri, hayakuguswa. Alipiga magoti pale mpaka jua likashuka, na aliposimama swali lake lilikuwa moja. "Alisema nini mwisho?"

Dagane hakutaka kusema. Qali akamwomba kwa jina la huyo huyo aliyelala pale.

"Alikuwa haoni tena," Dagane akasema. "Aliuliza kama kuna lori limeingia. Tukamwambia hakuna. Akasema, 'Nimengoja mtoto aletwe mpaka nimechoka. Basi nitamfuata mwenyewe.'"

Hared aliniambia kwamba wakati huo ndipo alipoelewa bibi anamfuata nani. Alimgeukia mkewe. Qali alikuwa tayari anakwenda kwenye lori.

Walishusha mzigo wa Abdille, ngozi hawakupakia. Dagane alimwita Hared pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Endesha. Usisimame."

Wajir hawakushuka hata kunywa maji. Walisimama Habaswein kwa sababu injini ilikuwa inachemka. Pale kisimani palikuwa na mchungaji mmoja Mborana, Koricha, akinywesha ng'ombe. Hared akazungumza naye kwa Kiswahili. Akamuuliza kama ameona bibi mrefu.

"Niliona," Koricha akasema. "Jana alasiri. Mimi nikampa maziwa. Yeye chukua chombo, weka mdomoni, kunywa sana. Koo nilikuwa naona inakwenda. Halafu rudisha, sema asante." Akapiga ng'ombe mmoja mgongoni bila sababu. "Chombo ilikuwa imejaa. Vile nilimpa, vile alirudisha."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Garissa. Mimi nikasema, mama, mbali. Yeye nasema, si mbali. Mtoto ananiita."

Koricha alikuwa amemwaga yale maziwa. Mbwa wake, alisema, hakuyakaribia.

Mvua ilikuwa imenyesha mahali fulani juu, kwao halikuanguka hata tone. Lakini walipofika kwenye laga, ule mto wa mchanga unaokaa mkavu mwaka mzima, walikuta maji mekundu yakipita kwa kishindo, yamebeba miti na mzoga wa mbuzi. Lori lisingeweza. Hared aliingia mpaka kiunoni, maji yakamrudisha.

Ilikuwa alasiri, jua linawaka, kila kitu kinaonekana. Qali alikuwa amesimama ukingoni. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Yule pale."

Ng'ambo ya maji, kwenye barabara ya Garissa, mtu alikuwa anatembea. Mrefu. Nguo nyeupe. Anawapa mgongo. Hatua, buruta. Hatua, buruta.

"Hooyo!"

Yule mtu alisimama.

Maji yalikuwa yananguruma, lakini Hared aliapa kwamba hapo alisikia pumzi yake mwenyewe.

"Hooyo, nisamehe! Tulichelewa, nisamehe! Nimerudi, nigeukie mimi! Mimi ndiye mtoto wako, nichukue mimi!" Qali alikuwa ameingia majini, Hared amemshika kwa nguo. "Hooyo, niachie! Niachie yule, ni mdogo!"

Yule bibi alisimama bila kugeuka. Alisimama muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza sauti mbili na hajui aitikie ipi.

Kisha akaendelea.

Maji yalipungua alfajiri. Hared aliliingiza lori kwenye matope, likakwama, likatoka, likakwama, likatoka. Ndivyo walivyoanza siku yao ya mwisho ya kuwa wazazi.

Sasa nirudi kwa mama yangu, ambaye hakujua lolote.

Saynab alikuwa amepona. Homa ilikuwa imemtoka na vipele vinakauka, na alikuwa ameanza tena maswali yake. Asubuhi ile mama alimwogesha, akampaka samli, akamkalisha kwenye mkeka kivulini. Jua lilikuwa halijawa kali. Mtu akabisha hodi kwenye ua.

"Nabad," sauti ya kike ikasema.

"Nabad, karibu," mama akajibu.

Aliingia bibi mrefu, amechoka, vumbi mpaka magotini. Alisema, "Mimi ni Ebla wa Elwak. Nimekuja kumwona mtoto wa Qali."

Jamani, mama angefanyaje? Mkwe wa ndugu yake, ametoka upande wa pili wa nchi. Mama alipiga vigelegele. Alimkumbatia. Akahisi mwili wake mwepesi na mgumu kama kuni, akasema moyoni, maskini, safari imemmaliza. Alinusa karafuu maiti kwenye nguo yake, akasema moyoni, wazee huhifadhi nguo zao kwa karafuu maiti. Aliona ile nguo ni kitambaa kitupu, hakina mshono wala pindo. Akasema moyoni, labda ndivyo wanavyovaa kwao.

"Hared na Qali wako wapi?" akamuuliza. "Mmekuja pamoja?"

"Wako nyuma," bibi akasema. "Wanakuja."

Na lilikuwa la kweli.

Saynab alikuwa mtoto wa kuogopa wageni. Akiona mtu mpya, hujificha nyuma ya gauni. Siku ile alisimama kwenye mkeka, akanyoosha mikono, akasema, "Ayeyo!" Neno la kumwita bibi. Hakuna aliyekuwa amemwambia ni nani.

Bibi alikaa. Akampakata. Mama alisema uso ule, ulipomtazama mtoto, ulimliza hata yeye. Hajawahi kuona mtu akitazama kitu namna ile. Bibi alimpapasa nyusi, pua, masikio, kidole kwa kidole, kama kipofu. Akamnusa shingoni. Akasema, "Una pua ya mama yako. Una pua yangu."

Mama akapika. Bibi alikula, alitafuna, alisifu chakula. Mama alipochukua sahani ilikuwa nzito.

Hapo moyo ulimshtuka kidogo. Kidogo tu. Mgeni ni mgeni. Akaona amkirimu maziwa ya ngamia, na ya ngamia yalikuwa kwa jirani, nyumba ya pili. Akasema, "Ayeyo, nakuja sasa hivi."

"Nenda kwa amani," bibi akasema. Alikuwa anamsuka mtoto nywele.

Kwa jirani mama alisubiri maziwa yamiminwe. Kupitia ua alimsikia Saynab akicheka. Kicheko cha kutekenywa. Akatabasamu.

Kisha akamsikia akiuliza. "Ayeyo, ni mbali?"

"Si mbali."

"Utanibeba?"

"Nitakubeba."

Kicheko kikakatika.

Hakikupungua. Kilikatika.

Mama aliangusha maziwa. Alikimbia. Ua wa miiba ulimchana mkono, hakusikia.

Mkeka ulikuwa mahali pake. Kivuli kilikuwa mahali pake. Saynab alikuwa amelala chali, miguu imenyooshwa pamoja, mikono imewekwa vizuri, macho yamefumbwa. Midomo ilikuwa bado na alama ya kucheka. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari myembamba kuelekea nyuma, zimefungwa utosini, msuko ambao mama hakuwahi kuuona Garissa.

Alimgusa shavu.

Lilikuwa baridi kama la mtu aliyekufa tangu jana.

Lori liliingia kabla ya magharibi. Qali aliruka kabla halijasimama, akaanguka, akainuka. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake, na alipowaona wamekaa chini alijua. Walimfungulia njia. Alimfunua mtoto uso. Aliziona nywele. Alipitisha kidole kwenye ule msuko, mstari mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anayesoma.

Mama yangu alikuwa amejikunja pembeni. Alitaka kusema, nilimpa kwa mikono yangu, sikujua, alisema ni mama yako.

Qali alimgeukia. Hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza neno moja tu, kwa sauti ambayo mama alisema ameisikia kila siku ya maisha yake baada ya hapo.

"Alilia?"

"Hapana," mama akasema. "Alikuwa anacheka."

Qali akatikisa kichwa kukubali. Akamlaza mtoto mapajani, akaanza kumwimbia zile nyimbo za kunywesha ngamia.

Walimzika jioni ile ile, karibu na mto. Shehe alipoelezwa habari, alisema maiti hatembei. Aliyekuja ni shetani aliyevaa sura ya marehemu. Watu wakaitikia, ni kweli. Mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na mashehe, alisema peke yake, "Shetani hawezi kumpenda mtoto namna ile."

Hared alikaa nyumbani mpaka likizo ilipokwisha, akarudi kazini. Bwana wake alimpiga bega. "Eh, Hared! Likizo ilikuwa mzuri? Ona bibi, ona watoto?" Hared akajibu, "Ndiyo, bwana." Akaingia kwenye gari akashika usukani. Hakuomba likizo tena mpaka alipoachishwa kazi kwa uzee.

Walijaribu kuishi. Qali alipika, alifagia, alimsaidia mama alipokuwa na mimba yangu. Hakumlaumu mtu. Hakumlaumu Hared kwa yale maneno yake ya akili kule Wajir, na Hared alisema heri angemlaumu. Usiku Qali alimpa mgongo, si kwa chuki, ila alilala akitazama kaskazini, upande wa Elwak.

Kisha Dagane akaja kutoka Elwak. Alikuja mwenyewe, njia yote ile, kwa jambo ambalo hakutaka kulituma kwa vinywa vya watu. Alikaa na Hared na Qali na mama. Aliuliza, kwa heshima, Saynab amezikwa wapi. Wakampeleka. Aliliona kaburi, akaona liko sawa, halijafukuliwa.

"Basi lile si lenu," akasema.

"Lipi?" Hared akauliza.

Dagane akawaeleza. Siku chache tu baada ya wao kuondoka Elwak kwa haraka, alikwenda kumwombea mama yake. Kando ya kaburi la Ebla, limegusana nalo, palikuwa na kaburi jingine. Dogo. Urefu wa mtoto. Aliuliza kijiji kizima. Hakuna aliyefiwa. Hakuna aliyechimba. Wachungaji waliolala pale visimani hawakusikia sururu wala sauti ya mtu. Wazee walikataza lisifukuliwe.

Qali hakusubiri amalize. Alikuwa amekwenda kufunga nguo zake.

Hakurudi Garissa tena. Alijenga nyumba ndogo nyuma ya visima, akawa anaamka hapo na kulala hapo. Hared alipata lori la kumpeleka kila alipoweza, akikaa naye siku chache, wakizungumza mambo ya kawaida, na kurudi. Mama yangu alilitunza kaburi la huku mtoni. Qali alilitunza la kule. Mtoto mmoja, na kila mmoja wao akiwa hana hakika kama anamwagilia kaburi lenye mtu.

Mimi nilifika Elwak nikiwa mtu mzima, tulipokwenda kumzika Qali. Tulimlaza upande wa pili wa lile kaburi dogo, likawa katikati yake na mama yake. Watu walipoondoka, nilibaki. Udongo wa pale ni mweupe, mkavu, unapeperuka kama unga. Niliinama nikagusa ule wa kaburi dogo chini ya mawe yake.

Ulikuwa mweusi. Ulikuwa na unyevu. Na ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vya makombe ya konokono, wale wa mtoni, wanaopatikana kwetu kando ya Tana.